Moto Ndiyo Sehemu Rahisi

Watu wakija karakanani hutazama moto. Wanasimama mbali kidogo, mikono nyuma, wakingoja kuona pistoni na sufuria kuukuu zikilainika na kuzama kwenye chungu, kisha wanaaga wakiamini wameiona kazi. Moto ndiyo sehemu rahisi. Ukiwa na mkaa mkavu, feni ya kuzungusha kwa mkono na kijana asiyelalamika, aluminiamu itayeyuka tu. Inataka nyuzi 660 za Selsiasi, na tanuri la mkaa lenye upepo wa kutosha huzifikia bila taabu. Kazi yenyewe ya kusubu, yaani kumimina chuma kilichoyeyuka kwenye umbo la mchanga kipate sura, iko mahali pawili ambapo mgeni hapatupii jicho: kwenye rundo la skrepa na kwenye mchanga.

Mimi niliingilia mlango wa skrepa. Nilipomaliza kidato cha nne na matokeo yakawa hayanipeleki popote, nilikodi mkokoteni nikawa napita mitaa ya Mtwara, Chikongola, Magomeni, Majengo hadi Shangani, nikinunua vyuma chakavu: fremu za baiskeli, mabomba, majiko mabovu, sufuria zilizotoboka. Vingi nilimuuzia mnunuzi aliyekuwa akijaza lori la Dar es Salaam. Aluminiamu niliitenga, maana palikuwa na fundi wa sufuria, mtu wa Newala, aliyeilipia vizuri kuliko lori. Mtaa mzima ulimwita Babu, ingawa wajukuu hakuwa nao bado.

"Shikamoo, Babu."

"Marahaba. Leo umeniletea mali au umeniletea kesi?"

Bei haikuwa neno lake la kwanza. Alimwaga gunia chini, akachuchumaa, akapitisha sumaku. Chochote kilichoganda kwenye sumaku kilirudi kwenye mkokoteni. Kilichobaki alikipima kwa kiganja, akakikwaruza kwa msumari, akakigonga kwa nyundo ndogo na kutega sikio. Wauzaji wenzangu walisema ni mbwembwe za kushusha bei. Nilipohamia kwake kama kibarua niliona kuwa nusu ya ubora wa sufuria huamuliwa pale chini, mkaa ukiwa bado uko kwenye gunia.

Pistoni za injini alizipenda kuliko vyote. Ni aluminiamu iliyochanganywa na silikoni, na hiyo silikoni ndiyo huifanya ikimbie vizuri ndani ya kalibu, lile umbo la mchanga. Mchanganyiko wenye silikoni ya kama asilimia 12 huyeyuka kwenye nyuzi 577, chini ya aluminiamu tupu. Kava za gia na vichwa vya silinda ni ukoo huo huo. Nyaya za umeme, ambazo muuzaji huziringia kwa sababu ni nyeupe na safi, ni aluminiamu tupu: ikiyeyushwa peke yake huwa nzito kujaza kingo nyembamba, na sufuria yake inabonyea upesi. Tulizichanganya na pistoni, hatukuzitegemea zenyewe. Makopo ya soda ndiyo maumivu. Mtu anakuletea gunia limejaa hadi shingoni, ukiliyeyusha unabaki na kitu cha kusikitisha, kwa sababu kopo ni jembamba na sehemu kubwa huungua ikawa mavi ya chuma kabla ya kuyeyuka. Babu aliyapokea kwa sharti moja: yapondwe yawe kifurushi kigumu, kisha yazamishwe ndani ya aluminiamu iliyokwisha kuyeyuka. Kuyarusha juu ya makaa ni kuyateketeza.

Halafu kuna vile alivyovikataa kabisa. Vitasa vya milango na kabureta za zamani mara nyingi ni zinki, na mkono huijua: kwa ukubwa ule ule ina uzito wa zaidi ya mara mbili na nusu ya aluminiamu. Baadhi ya bodi za chenso, yaani msumeno wa mashine, ni magnesiamu, ambayo ni nyepesi kuliko aluminiamu, na hiyo ndiyo hatari yenyewe. Ikishika moto inawaka mwanga mweupe wa kuumiza macho, na ukiimwagia maji unaichochea. Kwa hiyo Babu alitembea na kichupa cha siki mfukoni. Tone moja kwenye sehemu iliyokwaruzwa: likitoa povu jingi palepale, kipande kinarudi kwa mwenyewe.

Kisa cha madini ya risasi nakikumbuka zaidi. Mvuvi alivuka na kivuko kutoka Msanga Mkuu akiwa na betri mbili za gari, akitaka tumyeyushie risasi ya kufanyia chubwi za mshipi na vizito vya nyavu. Kwa watu wa pwani ni ombi la kawaida. Risasi inayeyuka kwenye nyuzi 327, jiko la nyumbani linaitosha, ndiyo maana wengi huifanya uani huku watoto wakizunguka. Babu alikataa bila kuinua sauti.

"Mwanangu, chungu hiki kinatoa sufuria za kupikia watu. Kikishaingia risasi, kesho nimpikie nani?"

Alikuwa sahihi. Risasi haina ladha wala harufu, hujikusanya mwilini, na mtoto ndiye huumia zaidi, kuanzia ubongo. Ikibaki kwenye chungu inaingia kwenye aluminiamu ya siku inayofuata, halafu inangoja mchuzi wenye ndimu au ukwaju, maana uchachu ndio huivuta. Miaka ya baadaye habari za Owino Uhuru kule Mombasa zilipoenea, za watu walioishi ukutani mwa kiwanda cha kuyeyusha betri mpaka risasi ikakutwa kwenye damu za watoto wao, nilimkumbuka yule mvuvi. Alibeba betri zake akinung'unika, na mteja tulimpoteza. Mimi leo nakataa vilevile.

Sasa mchanga. Pwani yetu imejaa mchanga na karibu wote haufai. Ule wa ufukweni una chumvi na vipande vya makombe, na hauna udongo wa kuushikamanisha. Unaushindilia, unainua fremu, kalibu yote inamwagika. Sisi tulitumia mchanga mwekundu laini wa bara, tuliouleta kwa magunia kutoka upande wa Naliendele. Tuliuchekecha, tukautia udongo wa kichuguu uliotwangwa na vumbi la mkaa. Mchanga wa namna hiyo hautupwi. Unarudiwa na kurudiwa mpaka unakuwa mweusi, na mweusi wa zamani ni mtamu kufanyia kazi kuliko mwekundu mpya. Babu alipofukuzwa kwenye kibanda cha kwanza kwa sababu ya kodi, alihamisha mchanga kabla ya nyundo.

Kipimo cha maji ni kiganja. Unachota konzi ya mchanga, unabana, unafungua. Tonge lisimame, lioneshe mistari ya vidole, na kiganja kibaki kikavu. Halafu unalivunja katikati kwa vidole gumba. Likikatika kwa mkato safi, umepata. Likimomonyoka, nyunyiza maji kidogo na uchanganye upya. Likinata, uanike uje kesho. Hapo hapana njia ya mkato, kwa sababu tone la maji likigeuka mvuke hutaka nafasi ya kama mara 1,700 ya lile tone. Mvuke huo ukikosa pa kupenyea kwenye mchanga, unarudi kwa mlango ulioingilia chuma, na unarudi nacho. Tukimaliza kushindilia, tulichoma kalibu kwa spoku ya baiskeli, vitundu vingi vyembamba, ili ipumue.

Sufuria ya mfano huwekwa kifudifudi juu ya ubao na kunyunyiziwa jivu lililochekechwa ili isishikane na mchanga. Fremu ya mbao inaizunguka. Unajaza mchanga kidogo kidogo na kushindilia kwa mti mfupi, ukianzia pembeni, huku kigingi kikiwa kimesimama juu ya kitako cha sufuria kushika nafasi ya mlango wa kumiminia. Mnageuza wawili, mnajaza na kushindilia ndani ya sufuria, mnageuza tena. Halafu inakuja dakika ambayo hakuna mtu anayeongea: fremu inainuliwa wima, haitikisiki, na sufuria ya mfano inatolewa kwa kugongwagongwa na viganja. Chini linabaki bonge la mchanga lenye umbo la ndani, na kwenye fremu limebaki umbo la nje. Fremu ikirudishwa, katikati kuna uwazi wa milimita chache unaozunguka pande zote. Uwazi huo ndio sufuria. Upana wake ukiwa sawa kila upande, umeshinda; fremu ikihama kidogo tu, upande mmoja utakuwa mnene na mwingine utatoboka kabla ya mwaka.

Kumimina ni kwa mkupuo mmoja. Mkono ukisita, chuma kilichotangulia kinafanya ngozi, kinachofuata hakiungani nacho, na unapata mshono ambao macho hayauoni lakini maji yanauona. Jambo lingine ambalo kila kibarua mpya huambiwa siku ya kwanza: aluminiamu haitishi. Chuma cha mhunzi kinakuonya kwa wekundu wake, ila hii mchana inakaa kwenye chungu nyeupe, tulivu, kana kwamba ni maziwa yaliyopoa. Ndiyo maana kibanda chetu kilikuwa na paa la chini na giza. Gizani unaweza kuuona wekundu hafifu, na ukiona unazidi, unapunguza upepo. Kuipasha kupita kiasi hakuifanyi iwe bora. Ikiwa moto sana inanyonya haidrojeni kutoka kwenye unyevu wa hewa na wa mkaa, kisha ikiganda inaitema, na sufuria inajaa vitundu vya ncha ya sindano.

Mavazi yetu yangemchekesha mtu wa kiwanda kikubwa, ila yalikuwa na akili yake. Viatu vya ngozi visivyo na kamba, ili uvivue kwa teke. Suruali inashuka juu ya kiatu, haichomekwi ndani. Tulisimama juu ya mchanga mkavu, kamwe si juu ya sakafu ya saruji, maana saruji ina unyevu ndani yake na chuma kikiidondokea hupasuka na kuruka. Na hakuna kipande kilichotumbukizwa chunguni bila kwanza kuota moto ukingoni mwa tanuri. Pistoni inayoonekana kavu inaweza kuwa imeficha maji kwenye tundu la pini.

Chungu chenyewe kilikuwa kipande cha bomba nene la chuma kilichochomelewa kitako. Watu hudhani chuma hakiyeyuki humo kwa kuwa aluminiamu inayeyuka mapema. Kweli hakiyeyuki, lakini kinaliwa: aluminiamu moto hukimung'unya chuma taratibu, chungu kinakonda, na chuma kilichoingia humo huifanya sufuria iwe rahisi kupasuka. Tulipaka chokaa ndani kabla ya kuwasha, kila mara, na chungu kikianza kulika ukingoni kilistaafishwa.

Utani haukosekani. Nilifanya kazi na kijana wa Kilwa Masoko ambaye hakuchoka kutukumbusha kwamba kwao walitoa pesa zao wenyewe wakati sisi wa Mtwara tunachimba ming'oko, viazi vya porini. Na ni kweli, masultani wa Kilwa walikuwa na sarafu za shaba zenye majina yao. Ibn Battuta alifika Kilwa mwaka 1331, zama za Sultani al-Hasan bin Sulaiman. Sarafu tano za Kilwa zilikuja kuokotwa mwaka 1944 kwenye visiwa vya Wessel, kaskazini mwa Australia, na mpaka leo watu wanabishana zilifikaje huko. Yule kijana alilisimulia hilo kana kwamba alizipeleka mwenyewe. Babu alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akamwambia, "Shaba inataka nyuzi 1,085. Basi aliyewayeyushia babu zako aliujua mkaa kuliko wewe. Zungusha feni."

Kazi iliyonifundisha zaidi haikuwa sufuria. Mwenye mashine ya kusaga kutoka Nanyamba alikuja na puli iliyopasuka, ile gurudumu ya kupitishia mkanda, na mashine yake imesimama. Puli iliyovunjika haifai kuwa mfano, kwa hiyo tulihitaji ya mti, na kwetu wachonga miti hawatafutwi mbali. Mchonga vinyago mmoja wa Kimakonde alikubali. Mkono wake ulizoea mpingo; tukampa mbao ya mwembe iliyokauka, akaicheka kwa ulaini. Alichonga kitu cha kupendeza sana, pande zake zimesimama wima kabisa, na Babu akakirudisha.

Kisa ni kwamba mfano wa pande wima hautoki mchangani bila kuvunja kalibu. Unahitaji uwe na mteremko mdogo, juu upana huu, chini mwembamba kidogo, ili ujivute wenyewe. Tena lazima uzidi ukubwa wa kitu unachokitaka, kwani aluminiamu ikipoa inasinyaa kwa kama asilimia 1.3, puli ya milimita 300 inataka mfano uliozidi kwa karibu milimita 4. Mchongaji alisikia hayo kama matusi. "Yaani mnataka nichonge kitu kilichopinda, tena kikubwa kuliko mlichoagiza?" Alibishana na Babu kwa Kimakonde nusu ya asubuhi. Mwisho akachukua patasi, akapunguza pande huku akitikisa kichwa. Tulipotoa mfano kwenye mchanga ukachomoka bila kuacha hata punje, alichuchumaa akalitazama lile tundu kwa muda, akaomba autumbukize na kuutoa mwenyewe. Puli ilikerezwa tundu la katikati, ikafungwa, ikasaga. Toka siku hiyo mchongaji akawa anapita karakanani hata bila kuitwa, kutuambia mifano yetu ya zamani ilivyochongwa vibaya.

Baada ya puli watu wakaanza kutuletea kila kitu, na ikabidi tujifunze kusema hapana kwa adabu. Mguu wa cherehani. Pasi ya mkaa yenye jogoo, bawaba imekatika. Mdomo wa mashine ya kukobolea. Hivi navyo vilizaliwa kwenye kalibu, ila ni vya chuma cha kusubu, ambacho kinataka nyuzi 1,150 hadi 1,200, na tanuri letu halikujengwa kwa moto huo. Ukianza kuvihesabu unashangaa: ngoma za breki za daladala, koki kubwa za maji, vifuniko vya mashimo barabarani, bloku za injini nyingi. Chuma hicho kina kaboni zaidi ya asilimia 2. Kinabeba mzigo bila kulalamika, lakini ukikigonga vibaya hakikunji, kinakatika. Mtu akiniletea mguu wa cherehani uliovunjika namwambia asikubali uchomelewe kwa vijiti vya kawaida ukiwa baridi, kwa sababu ufa utahamia pembeni mwa kiungo. Amtafute fundi anayeupasha moto polepole na kuunga kwa shaba.

Wateja wakali kuliko wote ni mama lishe. Hawanunui kwa macho. Mama anaining'iniza sufuria kwa kidole kimoja ukingoni, anaigonga kwa kifundo cha kidole cha mkono wa pili, na ikitoa sauti ya kufa anaiweka chini bila maelezo. Anaielekeza kwenye jua akiangalia kitako kwa ndani. Wengine huomba wajaze maji na kuiacha juu ya gazeti kavu mpaka asubuhi, na mimi sikatai, kwani anayenikagua hivyo akiridhika hurudi na shoga zake.

Tunachogombana nao ni kusugua. Huku kwetu sufuria zikianikwa uani lazima zing'ae hata jirani aone, na majivu na mchanga hupita humo kila jioni. Ule weusi wa ndani baada ya kuchemsha maji ni ngozi inayoizuia aluminiamu isiingie kwenye chakula, ukiukwangua unaanza upya. Nawaambia: nje ng'arisheni mpaka mjione, ndani osheni kwa sabuni na kitambaa muache. Na mchuzi wa maembe mabichi usilale kwenye sufuria. Wananiitikia, "Sawa, kaka," kisha wanaenda kusugua.

Ugumu wa biashara hii Kusini ni kalenda. Pesa ya korosho inaanza kuonekana Oktoba na kuendelea, na watu wakiwa na pesa ndipo wanapotaka sufuria kubwa za shughuli. Mvua nazo zinaingia Novemba au Desemba, mchanga unanyonya unyevu hata ukiwa ndani, mkaa unakuja umelowa, na vitundu vinaongezeka. Kwa hiyo sasa Septemba yote naitumia kukausha mchanga na kuufunika kwa turubai juu ya mbao, mkaa wa miezi mitatu naununua kabla haujapanda, na oda za sufuria za shughuli nafunga mwisho wa Oktoba. Anayekuja Desemba na gunia la makopo yaliyonyeshewa, akitaka sufuria ya pilau ya Jumamosi, nampa kiti, nampa maji ya kunywa, na kumwonyesha duka la sufuria za kiwandani lililo ng'ambo ya barabara.